Baba Baada ya Makofi

Niliporudi nyumbani Buhongwa kutoka kwenye ndoa, nilikuta chumba changu kimejaa mahindi. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, yameziba dirisha, na kati yake na ukuta ilibaki nafasi ya godoro la mtu mwembamba. Hapo ndipo nilipolala. Ukigeukia huku unapumulia ukuta, ukigeukia kule unapumulia dawa ya kuulia dumuzi wa mahindi. Asubuhi nilitoka na vumbi kwenye nyusi, nikaenda kufungua duka ninakochapa barua za watu na kutoa fotokopi, na wapo wateja waliodhani nimepaka poda.

Hakuna aliyeniambia niondoke. Hilo lazima niliseme, maana watu wa kwetu si wabaya. Ila pia hakuna aliyeinua hata gunia moja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, chumba sikupewa. Kila nilipogusia habari ya magunia, kaka yangu mkubwa, aliyebaki na nyumba baada ya baba kufariki, alicheka, akatoa simu mfukoni na kunichezea kipande cha video.

"Mzee mwenyewe alishasema," aliniambia. "Mimi ni nani nibadilishe?"

Kipande hicho kilitoka kwenye sendofu yangu, sherehe ya wazazi kumuaga binti yao kabla ya harusi. Baba amesimama mbele ya ukumbi na suti iliyompwaya mabegani. Mkono mmoja ameshika mkono wa mume wangu mtarajiwa, mkono wa pili ameibana maiki kama mtu aliyeshika samaki sato aliye hai. Baba alikuwa mtu wa utani. Anasema: "Mkwe, nimekukabidhi mbele ya watu. Usije kesho ukaniambia umebadili mawazo. Huyu hapa kwangu hana chumba tena, chumba chake nimeshakifanya stoo ya mahindi!" Ukumbi unalipuka kwa kicheko, emsii ananyakua maiki, anapiga kelele "Makofi kwa baba!" na video inaishia hapo.

Kaka aliipata kwa kuielekezea tivii simu yake. Akairusha kwenye grupu la ukoo, ukoo ukairusha kote, ikarudi, ikarushwa tena, hadi uso wa baba ukawa vigae vigae. Lakini maneno yalisikika. Shangazi zangu wa Musoma waliyajua kwa moyo. Kila aliyenipigia kuuliza imekuwaje hadi nikaacha nyumba yangu alimalizia na kicheko kile kile: sasa unalala wapi, na mahindi? Na mimi nilicheka nao. Usipocheka, utani kama huo unageuka hukumu, na sikuwa na pa kukata rufaa. Kanisani bado nilikuwa mke wa mtu. Nyumbani nilikuwa binti aliyekwisha kukabidhiwa.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba nilijua baba hakuishia pale.

Nilijua kwa sababu ya mama. Mama hakuwa na haja na simu, alikuwa na diski yenyewe, nakala ile ambayo mpiga video aliupatia upande wetu. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliiweka kwenye deki na kukaa kwenye kochi kumtazama mumewe. Hatuna sauti nyingine ya baba popote. Hakuwa mtu wa simu kubwa, na picha zake zote amenyamaza. Kwa hiyo ili mama amwone baba akiongea, ilibidi sendofu yangu ichezwe sebuleni kila siku, na mimi nikirudi mchana kula nilijikuta nimeketi nikitazama ninavyokabidhiwa.

Mtaniambia ningetoka nje. Ningetoka wapi? Mama alinishika kitambaa cha nguo akasema, "Kaa, mwanangu, baba yako anakuja." Unamwachaje?

Basi baba anakuja, anatania, emsii ananyakua maiki, muziki unapanda. Kwenye diski picha haikatiki hapo. Baba hajaachia mkono wa mkwe wake. Anamvuta karibu, anainama, mdomo wake unaendelea kusema. Anasema jambo, halafu anainua kidole kama alivyokuwa akifanya akiacha utani. Kisha diski inakwama. Baba anaganda mdomo wazi, deki inakwaruza, picha inaruka hadi kwenye keki.

"Wamemkaba tena," mama alisema kila siku. Halafu ananigeukia mimi. "Alikuwa anasema nini pale? Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo, ndiyo, hatua chache tu kutoka kwake. Lakini binti anayeagwa kwetu huinamisha kichwa. Nilifundishwa na shangazi jioni nzima: usicheke, usiangalie watu, usije ukaonekana unashangilia kuondoka kwa wazazi wako. Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu, na spika kubwa ilikuwa pembeni ya sikio langu. Viatu naweza kuwaeleza hadi leo vilivyokuwa. Maneno ya baba sina.

Diski yetu aliiua kaka kwa mapenzi. Ilipoanza kukwama kidogo, aliipaka dawa ya meno na kuisugua kwa kuzungusha, kwa sababu mtu alimwambia dawa ya meno huondoa mikwaruzo. Nilipojaribu kuinakili dukani, mashine ililia, ikanyamaza, ikalia tena, na kila mara iliishia pale pale, baba mdomo wazi. Nikachukua kipande cha kwenye simu, nikapandisha sauti hadi mwisho. Nilichopata ni muziki uliopondwa kama ugali wa jana.

Ndipo nikakubali nilichokuwa nikikikwepa. Mpiga video alitoa diski mbili. Moja kwetu, nyingine kwa wakwe. Kanda zake za kamera alikwisha kuzirekodia upya harusi za watu wengine. Hiyo ya wakwe, akiba pekee iliyobaki duniani, ilikuwa Busisi, ng'ambo ya maji, nyuma ya lile geti jeusi.

Sina budi kueleza habari ya geti. Mume wangu hakunipiga. Watu huuliza hilo kwanza, na nikisema hapana naona wanapungukiwa na huruma. Alikuwa mfanyabiashara wa vipuri, na kila alipokwenda Geita alifunga geti kwa nje. Kwa usalama wangu, alisema, na ufunguo akaondoka nao. Nilipika kilichokuwemo. Nilitazama ziwa kupitia upenyo kati ya geti na nguzo, ukanda mwembamba wa maji, wakati mwingine pantoni ikipita ndani yake, imejaa watu wanaokwenda kwao. Siku niliyoondoka geti lilikuwa wazi kwa sababu fundi bomba alikuwa ndani. Nilivuka kwa pantoni hadi Kigongo na nguo za mwilini tu.

Nilimpigia mama mkwe simu. Alikuwa akiishi kwenye nyumba ya mbele, ndani ya geti hilo hilo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe upo?"

Nilimweleza ninachotaka. Alisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Njoo. Lakini diski haitoki humu. Wewe ulitoka. Hiyo haitoki."

Nikaazima kwa kwaya ya kanisani kile kiboksi cha kusomea diski, maana laptopu za siku hizi hazina tena mahali pa kuichomeka, na siku ya Jumamosi nikavuka. Sasa kuna daraja. Nilikotumia asubuhi nzima kusubiri pantoni na nguo za mwilini, nilipita kabla sijamaliza kusali. Niliona maji pande zote mbili, mapana, hayana upenyo, na moyo wangu ukazidi kuwa mdogo kadiri upande wa pili ulivyokaribia.

Mama mkwe alinipokea kwa soda na sahani ya mihogo. Diski aliitoa kabatini, ameifunga kwenye kitambaa cha kufumwa, na ndani ya kitambaa kuna mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko kasha lenye picha yetu wawili kwenye umbo la moyo. Niliigeuza kwenye mwanga. Haikuwa na hata alama ya kidole.

"Hamkuitazama?" niliuliza.

"Tuliitazama mara moja," alisema. "Baadaye tungeitazama na nani?"

Niliichomeka, nikaanza. Kazi yangu imenifundisha kwamba kuna kukopi na kuna kusimulia. Wengi wakitaka nakala ya video wanasimulia: wanaielekezea simu, au wanaibana iwe ndogo ienee, na kila anayesimulia anaacha kitu. Ukitaka isipoteze chochote, kompyuta hairuhusiwi kuipunguza wala kuipamba. Inachukua kila kilichomo kama kilivyokaa, kuanzia ile menyu ya maua yanayochanua hadi majina ya kamati mwishoni. Ubaya wake ndio huo huo. Huwezi kuchagua. Nilimtaka baba, lakini mhariri wa video, kwa ufundi wake, alikuwa ameweka pembeni ya picha, juu ya bega la baba, moyo mwekundu unaozunguka wenye uso wa mume wangu na wangu. Umechomwa humo pamoja na baba. Ukijaribu kuufuta unafuta na bega.

Kwa hiyo nilikaa kwenye kochi nililokuwa nikilifuta vumbi zamani, nikitazama mstari wa kijani ukijaa polepole kwenye skrini. Mama mkwe alikaa mkabala wangu akichambua mchele. Kupitia dirishani niliona geti, wazi, na barabara nyuma yake, na mama mmoja akipita na dagaa kichwani. Nilimtazama yule mama hadi alipopotea.

Mume wangu aliingia mstari ukiwa nusu. Sikuambiwa kama atakuja, na sikuuliza, kwa hiyo siwezi kudai nilidanganywa. Niliona gari likiingia. Niliona akishuka. Kisha nikamwona akigeuka, kwa mazoea tu, akisukuma geti na kupitisha kufuli. Lilibana. Mikono yangu ilishika mto wa kochi.

"Umerudi?" alisema mlangoni.

"Nimekuja kuchukua sauti ya baba."

Alitazama kompyuta, akamtazama mama yake. Alikuwa amekonda, na nilikasirika kumwona amekonda, kwa sababu nilitaka awe mnene na mbaya. Aliketi.

"Kuna haja gani ya mashine zote hizi? Washa tivii, chukua kwa simu kile kipande unachotaka. Mimi humo usinibebe."

"Hata mimi sitaki kukubeba," nilisema. "Nikikitoa kipande peke yake kwa simu, sauti ya chini inakufa. Hiyo ya chini ndiyo ninayoitaka."

"Ya chini ipi?"

"Ile aliyokwambia baada ya makofi. Alikwambia nini?"

Aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Nikajiona mimi mwenyewe siku ya sendofu, tofauti ni kwamba yeye hakuna shangazi aliyemfundisha.

"Muziki ulikuwa mkubwa," alisema. "Sikusikia."

Mstari wa kijani ulifika mahali ukasimama. Najua mashine hufanya hivyo, inavuta pumzi, inasoma upya. Siku nyingine ningekwenda kuchemsha chai. Pale niliona kila kitu kwa pamoja: kufuli, dirisha lenye nondo, mchele ukidondoka kwenye ungo, mwanamume ambaye kisheria na kikanisa ana haki ya kuniuliza ninakwenda wapi. Niliwaza kwamba hata diski hii haijawahi kutoka humu. Niliwaza kwamba nitazeeka kwenye kochi hili nikisubiri mstari. Nilitaka kuchomoa waya nikimbie, na sikuwa na pa kukimbilia, maana geti limefungwa na nyumbani kuna mahindi.

Mstari ukatembea. Ukajaa. Nikaagiza kompyuta ilinganishe nakala na diski, neno kwa neno kama mwalimu wa imla, ikasema hakuna kilichopotea. Niliitoa diski, nikaipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni, nikamrudishia mama mkwe kwa mikono miwili. Aliifunga tena: kasha, mfuko, kitambaa.

Nilisimama. Mume wangu hakusimama.

"Tungeongea kwanza," alisema.

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Mfungulie," alisema.

"Mama, nimesema tuongee tu."

"Nimesikia. Mfungulie mwenzio, ataongea akiwa barabarani."

Alinifungulia. Nilipita karibu naye sana hadi nikasikia harufu ya oili ya vipuri, ile ile. Nilitembea hadi stendi nikikumbatia mkoba kifuani, na sikuulegeza hadi nilipokwisha kuvuka maji.

Kesho yake, baada ya ibada, tulikula, na mama akaenda kwenye kochi lake kama kawaida. Kaka alikuwepo, bado na shati jeupe la kanisani, akichokonoa meno. Niliunganisha laptopu na tivii. Picha ilipotokea mama aliinua mkono mdomoni. Tulikuwa tumezoea baba wa mchanga mchanga. Huyu alikuwa na mvi moja moja kwenye kidevu, alikosea kufunga kifungo cha koti, na jasho lilimng'aa juu ya mdomo.

"Kumbe alikuwa anaogopa," mama alisema.

Utani ukaja. Kaka akacheka mapema, kama anavyofanya kila mara. Emsii akanyakua maiki, makofi, muziki. Baba akamvuta mkwe wake karibu, akainama, na hakuganda. Mdomo ulitembea. Kwenye spika za tivii kulikuwa na muziki tu. Nikarudisha nyuma, nikachomeka hedifoni, nikamvalisha mama. Mpiga video alisimama karibu sana na baba siku ile, na nilitumaini maiki ndogo ya kamera ilisikia kile ambacho ukumbi haukusikia.

Mama alisikiliza amefumba macho. Alinionyesha kidole nirudishe. Nikarudisha. Akasikiliza tena. Kisha akavua hedifoni taratibu, akaziweka mapajani, akamgeukia kaka.

"Baba yako anasema utoe mahindi."

Kaka alinitazama kwa jicho la kusema, mama ameanza kuchanganyikiwa. Alizichukua hedifoni akavaa ili tu amridhishe. Nilimtazama usoni. Kicheko kilikuwa bado kimebaki pembeni ya mdomo, na nilikiona kikitoka. Alinipa bila kuniangalia.

Sauti ya baba ilikuwa chini ya muziki, mbali kidogo, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Lakini kila neno lilikuwepo.

"Hayo ya mahindi ni utani wa watu," alisema baba. "Sasa nisikilize. Siku ukimchoka mwanangu, usimpige, usimtukane. Nipigie simu. Nitakuja mwenyewe kumchukua, na mahindi nitayatoa. Umenisikia?"

Juu ya bega lake moyo mwekundu ulizunguka, uso wangu, uso wa mume wangu, uso wangu. Siwezi kumsikia baba bila moyo ule kuzunguka, na sitaweza kamwe. Chini yake, mume wangu aliyekuwa bado hajawa mume wangu aliitikia kwa kichwa. Mara moja, wazi kabisa.

"Nimesikia, mzee," alisema.

Nilirudisha nyuma nikamtazama akisema tena. Miaka yote ya geti lile, alikuwa amesikia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na mama alinishika kitambaa cha nguo kama kawaida yake, lakini hakuniambia nikae.

Kaka alisimama. Alivua shati jeupe la kanisani, akalitundika vizuri kwenye kiti, akaenda kwenye korido. Tulisikia mlango wa chumba changu, kisha gunia la kwanza likiburutwa sakafuni. Alipolitoa la tatu, mwanga wa dirisha ulifika hadi kwenye korido, na vumbi lote la mahindi lilikuwa likielea humo.